Mashine ya Kufyekea Nyasi Inapogoma: Ya Petroli na ya Betri, Dalili kwa Dalili

Kwa sisi tunaoishi Tanga, mwezi wa Machi ndio unaoziumbua mashine za kufyekea nyasi. Mashine iliyofanya kazi vizuri wakati wa vuli, ikafutwa vumbi na kuwekwa stoo mwezi Desemba, hukaa humo miezi miwili au mitatu ya joto la kaskazi bila kuguswa. Masika yanapoanza na majani yakafika magotini ndani ya wiki chache, mwenyewe huitoa akiwa na haraka, na hapo ndipo anapogundua kwamba haiwaki, au inawaka na kuzima baada ya dakika kumi, au uzi wake unakatika kila baada ya hatua tatu.

Ninazungumzia mashine za kushika mkononi, zenye bomba refu na kichwa kinachozungusha uzi wa nailoni, ambazo siku hizi zinapatikana za petroli na za betri. Nimezitumia zote mbili kufyeka viwanja vya watu, na nimezifungua zote mbili zilipoharibika. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni ipi iliyo bora, na jibu langu ni kwamba kila moja ina maradhi yake, kwa hiyo mnunuzi ajue mapema ni maradhi yapi ataweza kuyatibu akiwa hapa hapa Tanga. Ya petroli huugua mara kwa mara, lakini karibu kila ugonjwa wake unatibika kwa fundi pikipiki yeyote makini wa Ngamiani. Ya betri huugua mara chache zaidi, ila inapougua kwenye betri yenyewe au kwenye bodi yake ya umeme, mara nyingi hakuna la kufanya isipokuwa kununua kifaa kingine. Ndiyo sababu katika mwongozo huu nimeziweka pamoja na kuzifuata dalili kwa dalili.

Kabla ya kugusa chochote, zima mashine, chomoa kofia ya plagi kama ni ya petroli, au toa betri kama ni ya betri. Kichwa cha uzi kinaweza kuzunguka ghafla mikononi mwako, na eksozi iliyotoka kazini inaunguza ngozi mara moja.

Haiwaki kabisa: ya petroli

Injini ndogo inahitaji vitu vitatu ili iwake: mafuta yanayofaa, moto wa plagi, na hewa yenye njia ya kuingia na ya kutokea. Watu wengi huanza kwa kubadilisha plagi kwa kuwa iko nje na bei yake ni nafuu. Mimi huanza na mafuta, kwa sababu katika mashine nyingi zinazoletwa kwangu mwezi wa Machi zikiwa zimegoma, tatizo limelala ndani ya tangi.

Petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili isikae zaidi ya mwezi mmoja hivi. Katika joto letu, sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto kwa urahisi, hupotea kama mvuke, na kinachobaki hugeuka polepole kuwa utando wa manjano unaonata kama ulimbo. Utando huo huziba vitundu vya kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla hayajaingia kwenye injini), ambavyo ni vyembamba mno, na kiwambo cha mpira kilichomo ndani yake hukakamaa kisiweze tena kupiga na kuvuta mafuta. Mwaka mmoja niliacha mchanganyiko ndani ya mashine yangu mwenyewe tangu Novemba, nikaja kuvuta kamba mwezi Machi mpaka bega likaniuma. Nilipofungua tangi, harufu haikuwa ya petroli tena bali harufu nzito iliyochacha, inayofanana na ya rangi ya mafuta iliyosahaulika kwenye kopo. Asubuhi yote iliishia kwenye kuosha kabureta, na kiwambo nililazimika kununua kipya.

Kwa hiyo, toa mafuta ya zamani uyahifadhi kwenye chombo chenye alama, usiyamwage mtaroni, kisha weka mapya. Bonyeza kipira cha kuvutia mafuta mara saba hadi kumi, huku ukitazama mpira mwembamba unaopitisha mafuta. Kipira kikibonyea na kubaki kimebonyea bila kurudi, chujio lililomo ndani ya tangi limeziba. Livute nje kwa waya uliokunjwa ncha, ulioshe au ulibadilishe. Kipira kikirudi vizuri lakini kinavuta mapovu matupu, mpira wa mafuta umepasuka mahali fulani, na mara nyingi ufa utauona pale unapoingilia tangi, kwa kuwa ndipo unapojikunja na kukauka.

Mafuta yakiwa mazuri na yanapita, ndipo ufungue plagi. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara kumi, mafuta hayafiki kwenye silinda, kwa hiyo rudi kwenye kabureta. Ikiwa imelowa, ama haitoi moto, ama injini imejaa mafuta kupita kiasi kwa sababu choki, yaani kilango kinachopunguza hewa wakati wa kuwasha, iliachwa imefungwa muda mrefu. Katika hali hii ya pili, kausha plagi, fungua choki yote, vuta kamba mara sita au saba plagi ikiwa nje, kisha irudishe na uvute tena. Rangi ya plagi nayo inasema mengi. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi yenye utelezi ni oili nyingi au chujio la hewa lililoziba. Nyeupe kama chokaa ni dalili ya injini inayochemka kwa kukosa mafuta ya kutosha, na mashine ya namna hiyo isitumiwe mpaka chanzo kijulikane, kwani iko njiani kunoki. Nafasi kati ya ncha mbili za plagi kwa mashine nyingi za aina hii ni kati ya milimita 0.5 na 0.7, kijitabu cha mashine kitakupa kipimo kamili.

Hapa pwani kuna mambo mawili ya ziada. Hewa ya chumvi huingia ndani ya kofia ya plagi na kushika kutu kwenye chuma kinachogusana nayo, hivyo plagi mpya inaweza kukaa bila kupata moto, na mwenye mashine akadhani koili, kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche ya plagi, imekufa. Jambo la pili ni nyigu wale wanaojenga kwa udongo. Kwao tundu la eksozi iliyokaa stoo ni nyumba iliyo tayari. Injini isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuvuta hewa, kwa hiyo chungulia tundu hilo kwa tochi kabla hujaanza kuilaumu kabureta.

Haiwaki kabisa: ya betri

Hapa orodha ni fupi. Hakikisha kwanza betri imeingia mpaka ikatoa mlio wa kujifunga, na kwamba unabonyeza kufuli la usalama pamoja na swichi, kwa kuwa mashine nyingi haziwaki bila vidole viwili. Kisha tazama vyuma vinavyogusana kati ya betri na mashine. Katika nyumba zilizo karibu na bahari nimevikuta mara nyingi vimefanya utando wa kijani au mweupe. Vifute kwa kifutio cha penseli, halafu kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, uviache vikauke. Maji ya sabuni yasitumike hapo.

Kama betri iliachwa tupu tangu vuli, huenda imelala moja kwa moja. Kila seli ya lithiamu ina kiwango cha volti ambacho haipaswi kushuka chini yake, kwa kawaida karibu volti 2.5, na ikishuka, chaja nzuri huikataa kwa makusudi. Wapo wanaoiamsha kwa kuiunganisha na betri nyingine kwa nyaya. Ninaomba jambo hilo lisifanywe nyumbani, kwa sababu seli iliyoshuka mno huwa imeharibika ndani na inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani wakati wa kuchajiwa, ikashika moto. Dawa yake ni kinga: ukiihifadhi, iache ikiwa na karibu nusu ya chaji, mahali pakavu penye kivuli, na uikague kila baada ya miezi miwili.

Mota inayotoa cheche nyingi kisha ikanyamaza kabisa huenda imemaliza kaboni zake, zile zile zinazopatikana ndani ya drili na grainda, na hizo hubadilishwa kwa urahisi. Mota zisizotumia kaboni hazina kasoro hiyo, lakini bodi yake ikiungua haitengenezeki kirahisi.

Inawaka vizuri, kisha inazima

Mzee mmoja mwenye nyumba Raskazone, mwalimu mstaafu, aliniita kwa ajili ya dalili hii. Baada ya shikamoo na marahaba, aliniambia, "Mwanangu, hii imenichosha. Ikipoa inawaka, ikipata moto inazima. Fundi amesema koili." Nilimwomba tuiache ifanye kazi mpaka izime yenyewe. Ilichukua dakika tisa. Badala ya kuvuta kamba, nilikilegeza kifuniko cha tangi taratibu, na sote wawili tukasikia hewa ikiingia, fyuuu, huku ubavu wa tangi la plastiki uliokuwa umebonyea ndani ukirudi mahali pake. Nilifunga kifuniko, nikavuta kamba mara mbili, ikawaka.

Tangi lazima lipumue. Kadiri mafuta yanavyotumika, hewa inatakiwa kuingia kupitia kijitundu chenye vali ndogo, ama kwenye kifuniko ama kwenye mpira wake mfupi. Kijitundu hicho kikizibwa na vumbi lililochanganyika na majani na oili, tangi hugeuka kuwa chupa inayonyonywa, mpaka kabureta ishindwe kuvuta hata tone. Tulikisafisha kwa mswaki wa zamani na petroli kidogo, na koili ambayo mzee alikuwa ameshaiagiza haikuhitajika.

Hata hivyo, koili inayokufa huonyesha dalili ile ile kabisa: hufanya kazi ikiwa baridi, hukatika ikipata joto, hurudi ikipoa. Namna ya kuzitofautisha ni hiyo ya kifuniko. Mashine ikizima, kilegeze mara moja. Ikiwaka papo hapo, tatizo ni pumzi ya tangi. Ikiwa bado haiwaki, fungua plagi ikiwa ya moto, ivalishe kofia yake, igusishe kwenye chuma cha silinda mbali na tundu ilimotoka, na uvute kamba. Ikikosa cheche sasa na kuipata tena baada ya nusu saa, basi fundi alisema kweli. Ninasisitiza mpangilio huu kwa kuwa kukagua kifuniko ni kazi isiyo na gharama, ilhali koili hununuliwa kwa fedha nyingi na mara nyingine haipatikani mpaka iagizwe Dar es Salaam.

Mashine ya betri inapozima katikati ya kazi, haijafa, imejilinda. Ukiachia swichi na kuibonyeza tena ikazunguka, ulikuwa umeilemea kwa kuizamisha kwenye majani mazito. Ikikataa na taa ya betri ikawaka nyekundu au kumetameta, joto limepita kiasi, na hakuna njia ya mkato: iweke kivulini kwa dakika 20 au 30. Kuitia kwenye friji ni kosa kubwa, kwa sababu ikitolewa humo unyevu wa hewa hugeuka matone ya maji juu ya vyuma vyake. Ufyekaji wa saa saba mchana mwezi Februari huleta dalili hii hata kwenye betri mpya, wakati kazi hiyo hiyo ikifanywa saa moja asubuhi betri humaliza chaji yake yote bila kulalamika.

Nguvu imepungua, moshi umeongezeka

Kwa injini za stroki mbili, zile zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, mwanzo wa matatizo mengi ni kipimo cha oili. Mashine nyingi za kisasa hutaka 50:1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli. Nyingine, hasa za bei ya chini, huandikwa 25:1 kwenye kifuniko cha tangi, yaani mililita 40. Makadirio ya kumimina kwa kifuniko cha chupa ndiyo yanayoziua. Mimi hutumia bomba la sindano la mililita 20 la duka la dawa, bila sindano yake: bomba moja kwa lita moja, na kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu, ambayo ndiyo kipimo cha wengi wetu, mililita 30. Chupa hiyo lazima iandikwe kwa kalamu nene na kuwekwa juu, mahali mtoto asipofika, maana mchanganyiko wa petroli na oili una rangi inayofanana sana na kinywaji.

Aina ya oili ina uzito uleule wa kipimo chake. Oili ya injini ya bodaboda, ile ya 20W-50, imetengenezwa kukaa ndani ya injini, haikutengenezwa iungue pamoja na petroli, na ukiichanganya itajaza masizi kwenye eksozi na kwenye ringi za pistoni. Lipo pia kosa ambalo nimelikuta zaidi kwetu tunaoishi karibu na wavuvi wa Sahare na kwingineko, nalo ni kutumia oili ya injini za boti yenye alama ya TC-W3. Hiyo ni oili nzuri kwa kazi yake, lakini injini ya boti hupozwa kwa maji ya bahari, na hii yetu hupozwa kwa hewa peke yake na huzunguka kwa kasi kubwa ikiwa na joto kali zaidi. Tafuta chupa yenye alama ya JASO FC au FD, ambavyo ni viwango vya Kijapani vya oili ya stroki mbili. Kwa mashine za stroki nne, ambazo zina sehemu ya oili pembeni, usichanganye kitu chochote kwenye petroli. Pima oili yake kwa kijiti kama unavyopima ya gari.

Moshi ukiwa wa kawaida lakini mashine haipandi mlio hata ukiminya kibonyezo cha mafuta mpaka mwisho, fungua kifuniko cha chujio la hewa kwanza. Sponji yake ioshwe kwa maji ya sabuni, ikamuliwe, ikauke kabisa. Kisha tazama wavu mdogo wa chuma ulio mdomoni mwa eksozi. Wavu huo huzuia cheche zisiruke kwenye majani makavu, na masizi yakiujaa injini hukosa pa kupumulia. Usugue kwa brashi ya waya na uurudishe. Anayeutupa ili mashine iwe na nguvu anaweka rehani kiwanja chake na cha jirani wakati wa kiangazi.

Kwa mashine ya betri, upungufu wa nguvu una sababu moja inayonisikitisha, kwa kuwa mnunuzi anakuwa ameumia tangu dukani. Kuna mashine zinazouzwa zikiwa zimebandikwa namba kubwa, 48, 88, hata 98, ambazo mnunuzi huzichukulia kuwa ni volti. Chukua mita ya kupimia umeme na upime betri ikiwa imejaa. Ukikuta volti 20 au 21, umeshika seli tano zilizounganishwa kwa mfuatano, kila moja ikiwa na volti 4.2 zikijaa, na hiyo ni betri ile ile ambayo watengenezaji wakweli huiita ya volti 18 au 20. Inatosha kwa kingo za bustani na ukoka wa mbele ya nyumba. Haitoshi kwa kiwanja kilichoachwa msimu mzima, na hakuna fundi atakayeiongezea nguvu.

Uzi unakatika, unayeyuka, au hautoki

Mashine ya kwanza ya namna hii ilibuniwa na George Ballas wa Houston, Texas, mwaka 1971, baada ya kuona brashi za kuoshea magari zinavyonyooka zikizunguka. Alitoboa kopo la bisi, akapitisha ndani yake uzi wa kuvulia samaki, akalizungusha kwa mota. Naikumbuka habari hiyo kila ninapoona mtu wa Tanga amefunga mshipi wa kuvulia kwenye mashine yake baada ya uzi wa dukani kumwishia. Wazo si geni, ila mshipi wa kawaida ni mwembamba na laini mno kwa kasi ya mashine za leo, na hukatika kwenye shina la kwanza la gugu lililokomaa.

Uzi mgumu unaovunjika vipande vifupi vifupi kwa kawaida umekauka. Nailoni hunyonya unyevu, na ndio unaoifanya iwe na mnyumbuko, kwa hiyo uzi uliokaa juani au juu ya dari ya bati hupoteza sifa hiyo. Uloweke ndoo ya maji usiku kucha, na tofauti utaiona asubuhi. Ukikatika pale pale unapotokea kwenye tundu la kichwa, pete ya chuma ya tundu hilo imeliwa na kuwa na makali. Usipotoka unapogonga kichwa chini, ama umeviringishwa kinyume na mshale ulio juu ya bobini (kigurudumu kinachobeba uzi ndani ya kichwa), ama mizunguko yake imepandana, ama imegandana kwa joto. Kugandana hutokea sana kwenye mashine za petroli zinapokimbizwa kwa kasi ya juu bila kukata kitu, na vilevile kama bobini imejazwa uzi kupita kiasi. Acha nafasi ya nusu sentimita ukingoni.

Udongo wetu una mawe ya matumbawe yaliyochomoza, yenye ncha kali kama msumeno, na kwenye mawe hayo hakuna uzi unaodumu. Njia ni kukata kwa ncha ya uzi tu, ukisogea pembeni taratibu, badala ya kuusukuma uzi wote ndani ya majani mpaka ujikwangue ukutani au kwenye waya wa uzio.

Unene wa uzi ndio unaozitenganisha kabisa mashine hizi mbili. Ya betri ya volti 18 kwa kawaida hutaka uzi wa milimita 1.6, za volti 36 hutaka 2.0 mpaka 2.4, na za petroli hutaka kuanzia 2.4 hadi 3.0. Yule mwalimu mstaafu wa Raskazone, baada ya kuchoshwa na petroli, alinunua ya betri ndogo, na baada ya mwezi akaniita akisema chaji haimalizi dakika kumi. Kumbe dukani alikuta uzi wa milimita 2.7 tu akaufunga, na kwa kuwa ulikuwa ukigonga kinga ya plastiki, akaiondoa kinga. Kinga ile ina kijiwembe kinachopunguza uzi ubaki na urefu unaofaa. Bila hicho, uzi mnene na mrefu ulikuwa ukiilazimisha mota kusukuma hewa kuliko kukata nyasi. Tulirudisha kinga, tukafunga uzi wa milimita 1.6, na betri ile ile ikafika dakika kumi na nane.

Kichwa kinazunguka bila kuminya mafuta

Kwa mashine ya petroli, punguza kwanza skrubu ya mwendo wa chini kidogo kidogo. Kichwa kikiendelea kuzunguka, springi za klachi zimelegea au kukatika, na mashine hiyo isitumiwe mpaka zibadilishwe. Mlio ukipanda wenyewe bila kuguswa, shuku hewa inayoingia kupitia gasketi au sili iliyopasuka, na uizime mara moja, kwa kuwa injini inayovuta hewa nyingi mno kwa mafuta kidogo huungua pistoni ndani ya dakika chache.

Giaboksi ya chini ikiunguza mkono, inadai girisi au imefungwa na nyuzi. Wanaofyeka karibu na mashamba ya mkonge, upande wa Pongwe, wazoee kufungua kichwa kila jioni, maana singa za mkonge hujisokota kwenye ekseli mpaka zikala sili, na girisi ikatoka yote.

Chaja haikubali

Taa ya chaja isipowaka kabisa, jaribu soketi nyingine, kisha soma maandishi yaliyo mgongoni mwake. Mashine za mtumba kutoka Marekani huja na chaja za volti 120, na umeme wetu ni volti 230. Chaja ya namna hiyo huungua mara ya kwanza inapochomekwa. Kama maandishi yanasema 100 hadi 240, iko salama. Umeme unaopanda na kushuka, na ule wa inveta za bei ya chini zinazofungwa kwenye sola, huchosha chaja pia, kwa hiyo isiachwe imechomekwa usiku kucha.

Taa ikiwaka lakini betri haijai, subiri ipoe, kwani betri nyingi hukataa kuchajiwa zikizidi nyuzi joto 40 hadi 45. Betri iliyovimba, inayotoa harufu tamutamu au iliyopasuka ganda haichajiwi tena kwa hali yoyote. Itoe nje ya nyumba, iweke kwenye mchanga mkavu mbali na makuti na kuni, na isitupwe kwenye shimo la taka linalochomwa moto.

Mashine ni nzima, kazi haiishi

Hii ndiyo dalili inayoletwa kwangu kama ubovu ilhali si ubovu. Betri ya volti 36 yenye ampia-saa 4 ina wati-saa 144. Mota ikivuta wati 400 ndani ya majani mazito, chaji hiyo inakwisha ndani ya dakika 20 na kidogo. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu wati-saa 9,000, na hata injini yetu ndogo ikipoteza sehemu kubwa yake kwa joto na moshi na kubakiza asilimia 15 tu, bado ni sawa na betri tisa kama hizo. Kwa upande wa pili, uniti moja ya umeme inatosha kuijaza betri hiyo mara tano au sita, hakuna kabureta ya kuosha mwezi Machi, na mtoto aliyelala chumba cha mbele haamki. Kwa ua wa nyumba unaofyekwa kila wiki mbili, ninashauri ya betri bila kusita. Kwa kiwanja kisichojengwa, kwa bustani ya minazi na kwa anayefyeka kwa malipo kutwa nzima, ninashauri ya petroli, awe na bomba lake la sindano mfukoni.

Aliye katikati apime kwanza. Azima mashine ya aina unayoitaka, chagua sehemu yenye majani mabaya kuliko yote uwanjani kwako, fyeka kwa dakika kumi kamili kwa mwendo wako wa kawaida, kisha hesabu kwa hatua eneo ulilolimaliza na uone linaingia mara ngapi katika kiwanja chote. Ikiwa kwa hesabu hiyo ya betri itahitaji zaidi ya chaji mbili kumaliza kiwanja chote, piga hesabu ya bei ya betri ya tatu kabla hujatoa fedha ya mashine.